Honi Inalia Wadini, Sie Tunasema Hapana Khabari

Gari ya rafiki yangu ilichukuliwa na maji mchana kweupe, jua linawaka, mbinguni hapana wingu hata la dawa.

Na mwenyewe alikuwa amekaa kitako, miguu kaikunja, kikombe cha kahawa mkononi, anasema: "Hapana khabari. Kheri tu."

Honi inalia huko chini. Anaisikia. Sote tunaisikia.

"Kheri tu."

Mtasema naongopa. Basi nipeni nafasi niwapigie kisa tokea mwanzo. Hiki nimekisimulia harusini, nimekisimulia matangani, na kote kuwili watu walicheka, Mungu atusamehe.

Mwaka themanini na nne nilikuwa nakaa Nizwa, Omani. Nina diploma yangu ya upimaji ardhi, nina kazi ya serikali, na kitambi ndo kwanza kinapiga hodi.

Wakati ule kila mtu ananunua gari mpya, ina ubaridi ndani, ina kaseti. Sie watu watatu tuliotoka Afrika tukang'ang'ania vyuma vyetu vya zamani, kama wazee wetu walivyong'ang'ania hati za mashamba ambayo hawana tena.

Mie nilikuwa na Morris Minor. Hita yake niliikwamisha mwenyewe kwa bisibisi, ikabaki kwenye moto. Kiangazi cha Nizwa, nje tanuri, ndani tanuri. Nikifika kazini watu wananiuliza nimetoka kuoga?

Hamdani, mzaliwa wa Tabora, alikuwa na Volkswagen ile ya mgongo wa kobe.

Na Nadhir, mtoto wa Malindi, Unguja, alikuwa na Peugeot 403 ya marehemu baba yake. Nyeupe, ina pua ndefu. Ilikuja kwa meli kutoka Mombasa. Alikuwa akiifuta vumbi kwa kanzu aliyovaa.

Kila Ijumaa baada ya alasiri tunakutana kituo cha petroli cha Firq, tunafungua maboneti, tunakunywa chai ya maziwa, tunatia chumvi.

Nadhir alisoma Chekoslovakia, mji unaitwa Brno. Kwa hiyo mazungumzo, mtake msitake, yanaishia kwenye baridi.

"Nyie hamjui baridi," anaanza.

"Kaanza," anasema Hamdani.

"Asubuhi unatoka, gari zote nyeupe, hujui ipi ni ipi. Unapangusa theluji, unasoma namba, unakuta ya jirani. Unairudishia theluji yake, unakwenda ya pili."

"Unairudishia?"

"Adabu, yakhe!"

"Tabora masika yakiingia," anasema Hamdani, "gari inazama mpaka milango haifunguki. Unatokea dirishani. Hiyo ndo ishu siriyas, siyo unga mweupe."

"Unga? Unga? Mie nimepanda mlima wa barafu, tairi zimefungwa minyororo!"

Nikamuuliza siku moja, kwa upole tu: "Kwani huko ulikuwa na gari gani?"

"Ya profesa."

"Profesa alikupa gari yake uendeshe?"

Akaitazama chai yake. "Nilikuwa nasukuma."

Tulicheka mpaka Mmalbari, Mhindi muuza chai, akatoka nje kutazama nani kaumia.

"Chekeni! Kusukuma kwenye barafu ni elimu kuliko kuendesha!"

Na kwa kusukuma, kweli alikuwa na elimu. Maana stata ya 403 aliifungua mwenyewe kuisafisha, akairudisha, vikabaki visikrubu mkononi. Tangu hapo gari haiwaki mpaka isukumwe, ama iegeshwe mteremkoni.

Miteremko yote ya Nizwa anaijua. Ukimwalika karamuni, hakuulizi kuna chakula gani. Anakuuliza, kwenu kuna mteremko?

Sasa siku moja gari ikamzimikia pasipo na mteremko wowote, mlangoni kwa Bi Rahila, jirani yangu.

Bi Rahila alikuwa akikaa na mtoto wa dada yake, Ghalia, nesi hapo Nizwa, kwao vijijini, mbele ya Ibra. Msichana keshavaa nguo zake nyeupe za kazi, anangoja basi. Kamwona Nadhir anahangaika, kamwita khalati wake, wakatoka wote wawili wakasukuma.

Gari ikawaka, ikatoa moshi, Ghalia akabaki kasimama ndani ya moshi ule, nguo imekuwa ya mkaa, anacheka.

Nadhir hakuzima gari. Alizunguka mji mzima, akaja kwangu, injini inanguruma, akasema kwa dirishani: "Nimeona mke."

"Sasa shuka basi tuzungumze."

"Siwezi. Kwako hapana mteremko."

Baba yake Ghalia ni Sheikh Marhoun, mwenye mitende, mtu wa ndani ya Sharqiyah, mguu wake haujakanyaga Afrika. Mkewe, Bi Kaltham, kazaliwa Unguja, lakini Kiswahili cha sheikh mwenyewe ni "njoo" na "kula". Basi.

Tukenda kuposa, sie watatu na gari zetu tatu.

Hapa lazima niwaeleze kitu, maana bila ya hiki hamtofahamu.

Watu wa Sharqiyah wana sunna yao. Mgeni akifika, mkubwa wa baraza humuuliza: khabari? Na mgeni hujibu: hapana khabari. Huulizwa tena: ulumu? Ndo khabari hizo hizo. Hapana ulumu, kheri tu. Hata kama nyumba yako inawaka moto nyuma yako, ni kheri tu. Kwanza tende, halafu kahawa, mpaka mtu atikise kikombe chake kuonesha katosheka. Hapo ndo maneno ya kweli hutoka.

Nadhir hakuyajua haya. Mtoto wa mjini, kalelewa Malindi, kasoma Brno.

Sheikh Marhoun akamuuliza: "Khabari zenu?"

"Mbaya sana, sheikh!" Nadhir huyo, mbio. "Tumetoboka tairi Izki, Sinaw tumekuta ngamia kagongwa, huku Nizwa mafua yamemaliza watu, na njia yenu hii, wallahi, mashimo matupu!"

Mwenye dele la kahawa akasimama nalo mkononi, hajui amimine au akimbie.

Tulipoondoka, gari ilikuwa sehemu tambarare. Tukafunga kanzu viunoni, tukasukuma. Sheikh kasimama mlangoni kwake anatutazama.

Haikupita wiki, jibu likaja kupitia kwa Bi Rahila: nasibu haikuandikwa.

Nadhir aliacha kula. Aliacha hata kusema khabari za Brno, na hapo ndo tukajua hali imekuwa mbaya.

"Ni adabu," Hamdani akatoa hukumu. "Mzee kaona hatuna adabu za khabari. Ishu ni hiyo, hapana nyengine."

Sote tukakubali. Hapana aliyekwenda kumuuliza sheikh mwenyewe. Kwa nini umuulize mtu, na wewe jibu unalo?

Basi tukaanza mazoezi. Kila Ijumaa, pale pale Firq. Mie ndo sheikh, nimejifunga taulo kichwani.

"Khabari?"

"Hapana khabari."

"Ulumu?"

"Hapana ulumu, ya sheikh."

"Nyumba yako inaungua."

"Kheri na neema."

"Mkeo kakimbia na dereva wa trekta."

"Alhamdulillahi, kheri tu."

"Ahsante. Kunywa chai."

Tulikwenda hivyo karibu mwaka. Nadhir akawa fundi, ukimuuliza saa ngapi anakujibu kheri tu.

Baridi ilipoingia, Bi Rahila akatuita. Uso wake hauna mchezo.

"Shemeji yangu kakubali kukusikilizeni mara moja tena. Mara moja, mmefahamu? Akikataa safari hii, Ghalia anaolewa na mtoto wa ami yake, yuko Sur. Maneno yameshakwenda na kurudi."

"Na mwenyewe Ghalia anasemaje?" Nadhir akauliza.

"Mwenyewe anasema mjitahidi."

Tukatoka asubuhi, baridi inauma. Nadhir katia karatasi ngumu mbele ya redieta, eti ndo wanavyofanya Brno. Hamdani kavaa makoti mawili. Mie kwenye Morris yangu, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nilikuwa na raha kuliko wote.

Sinaw tukasimama kunywa chai. Dereva wa lori, mtu wa mji wa Adam, kaziona gari zetu, kaja kuzipapasa kama mtu anayepapasa ngamia sokoni.

"Mnakwenda nazo wapi hizi?"

"Mbele ya Ibra."

"Haya. Mkae mbali na mawadi, mito hii mikavu. Juu milimani imenyesha."

Nadhir akalitazama jua. Akatutazama sisi. "Imenyesha," akasema kwa Kiswahili, anacheka. "Mie nimepita kwenye barafu, huyu ananitisha na matone."

Kijiji cha Sheikh Marhoun kimelala tambarare kama sinia. Nadhir akazunguka mara ya kwanza, mara ya pili, anatafuta mteremko. Upo mmoja tu.

Ule unaoshuka wadini.

"Yakhe," nikamwambia, "hapa sipo."

"Pakavu! Tazama, hata mbuzi wamelala."

Kweli, mbuzi walikuwa wamelala kwenye mchanga wa wadi. Akaiegesha, pua inatazama chini, kaweka jiwe mbele ya tairi. "Tukitoka, natoa jiwe tu, inawaka yenyewe, tunaondoka kama mabwana. Hapana kusukuma mbele ya watu."

Tulipokuwa tunavua viatu mlangoni, niligeuka. Mbuzi walikuwa wanapanda juu, mmoja mmoja, kwa adabu zao. Laiti ningewauliza khabari wale.

Tukaingia sabla, baraza la wanaume. Tukasalimiana na kila mtu. Tukakaa.

"Khabari?" akauliza Sheikh Marhoun.

"Hapana khabari," akasema Nadhir.

"Ulumu?"

"Hapana ulumu. Kheri na neema."

Sauti imetulia, macho chini. Nilitamani kumpigia makofi. Tende zikaja, halwa ikaja, kahawa ikaanza kumiminwa.

Hapo akaingia mtu, Khalaf, mchunga mbuzi wa hapo kijijini. Tukasimama sote, tukampa mikono, akakaa karibu na mlango.

"Khabari, ya Khalaf?"

"Hapana khabari."

Mie macho yangu yana tabia mbaya, hayatulii. Nikaona kanzu ya Khalaf imelowa mpaka magotini. Inachuruzika kwenye jamvi.

"Ulumu?"

"Hapana ulumu. Kheri tu."

Na mkononi ana kitu. Akakiweka pembeni yake, taratibu, karibu na sinia la tende. Kinang'aa.

Kifuniko cha gurudumu. Cha Peugeot.

Nikamgusa Nadhir kwa kiwiko. "Wadi imeshuka."

"Naona," akasema, midomo haitikisiki.

"Gari yako—"

"Kaa kitako. Kunywa."

Ndo honi ikaanza. Maji yameshaingia kwenye nyaya. Honi ya 403 ina sauti nzito, kama bwana mkubwa anayeita mtumishi. Ilianza hapo karibu, ikawa inakwenda mbali kidogo, halafu ikasimama pahala pamoja, inalia.

Hapana aliyegeuza shingo. Kahawa inamiminwa.

Hamdani jasho linamtoka ndani ya makoti yake mawili. "Jamani, honi..."

"Bado siyo khabari," nikamwambia.

Sheikh Marhoun akamtazama Nadhir.  Halafu akamuuliza, taratibu kabisa: "Na njia yenu? Hamkuona kitu?"

 Ile ni gari ya marehemu baba yake Nadhir. Baba yake alimpeleka nayo chuoni utotoni, alimpeleka nayo uwanja wa ndege siku anakwenda kusoma, wasionane tena. Akinyanyuka sasa hivi, akapiga mbio, pengine ataiwahi na kamba.

Na akinyanyuka, Ghalia yuko Sur.

"Hapana kitu, ya sheikh," akasema. "Kheri tu."

Akanywa kahawa yake. Akatikisa kikombe. 

Sheikh akageuka. "Haya, Khalaf. Lete maneno."

"Wadi imeshuka," akasema Khalaf. "Ndani yake mna gari nyeupe. Nimeisalimia, haikusimama."

Tukatoka sote mbio, masheikh na majambia yao.

Peugeot ilikuwa imekwama kwenye mitende ya shamba la chini, imelala ubavu, maji yanaingia dirisha hili yanatokea lile. Honi ikalia mara ya mwisho, sauti ya mtu aliyechoka, ikanyamaza.

Nadhir akakaa juu ya jiwe. Hakusema Brno, hakusema kheri. Alikuwa analia kama watoto wanavyolia, na kilemba kimemwangukia begani.

Sheikh Marhoun akamwendea, akasimama mbele yake.

"Imekufa?"

"Imekufa, sheikh."

"Una hakika? Haitengenezeki?"

"Tazama mwenyewe."

Sheikh akatazama. Halafu akamshika mkono, akamnyanyua. "Basi nimekupa. Ghalia mkeo, akiridhia mwenyewe."

Jamani! Hamdani alinikumbatia na makoti yake yote. Mie nikaona huu ndo wakati wa kuvuna nilichopanda. Nikamwambia sheikh: "Kwa hivyo leo adabu zetu zimekuridhisha?"

"Adabu gani?"

"Za khabari. Mwaka jana tulikosea, ukatukataa."

Sheikh akanitazama kama nimesema Kichina.

"Mwaka jana? Mwaka jana nilicheka siku nzima! Yule ngamia wa Sinaw, mpaka leo nawasimulia watu. Nyie wageni, mmetoka Zinjibar, nani atakudaini sunna zetu?"

"Sasa ulikataa kwa nini?"

"Kwa gari!" Akanyoosha kidole kwenye mitende. "Nilikuoneni mnaondoka, watu wazima, kanzu viunoni, mnasukuma. Nikasema, binti yangu mimi asukume gari njiani? Akishikwa na uchungu wa kuzaa, watafute kwanza mteremko?"

Nikamkumbuka Ghalia ndani ya ule moshi, mikono myeusi, mlangoni kwa khalati wake.



"Hapana khabari," nikasema.

Maji yalikwisha alasiri, ndo tabia ya wadi, yanakuja kama jeshi yanaondoka kama mwizi. Sheikh ana lori lake la Bedford, la zamani kuliko gari zetu zote, lililokuwa likibeba tende kwenda Maskati kabla ya lami. Akalitoa mwenyewe, akafunga kamba, akaivuta 403 mpaka uani kwake. Tulimsaidia, na tulipopumzika akatusimulia baridi aliyolala nayo wadini, lori limekwama, anakula tende za wateja. Nadhir akamjibu kwa theluji. Wakawa marafiki hapo hapo, wanashindana kuongopa.

Halafu akaitwa mtu wa kusoma khutba ya ndoa, maana sheikh alisema jambo la kheri halilazwi. Tukakaa. Likaja suala la mahari.

Bi Kaltham, mama yake Ghalia, akaja mpaka kwenye pazia la mlango. "Mwenyewe karidhia. Na mahari yake keshaichagua."

"Aseme."

"Anataka gari."

"Nadhir atanunua gari mpya, hapana tabu," akasema sheikh, kafurahi.

"Hataki mpya. Anataka hiyo."

Tukageuka sote. Peugeot imesimama uani, tope linatoka milangoni, boneti limepindika. Chura akaruka kutoka dirishani, akatutazama, akaenda zake.

 Kila Ijumaa Sheikh Marhoun ndiye anayewaambia watu msikitini kwamba mahari ni haki ya mwanamke, hapana baba wala kaka mwenye kuingilia. Watu wote wa msikiti walikuwa wamekaa hapo, wanamtazama.

"Ghalia, mwanangu," akasema, sauti imekuwa ndogo. "Hiyo haiwaki."

Nyuma ya pazia ikatoka sauti, inacheka.

"Itasukumwa, baba. Wewe na kaka zangu si mpo?"

Na walisukuma. Siku ya harusi niliwaona kwa macho yangu haya, Sheikh Marhoun mbele ya wote, jambia kiunoni, kanzu kaifunga, anahema. Usukani kaushika bibi harusi.

Sasa nyie vijana mnaosoma haya kwenye simu zenu, mkikataliwa, iwe posa, iwe kazi, msijifungie chumbani mkajitungia sababu. Nenda kamuulize aliyekukataa, umuulize uso kwa uso, usikie aibu mara moja iishe. Sie wasomi watatu, na diploma na digrii ya Brno, tulikaa karibu mwaka mzima tunatibu ugonjwa ambao mgonjwa hakuwa nao.

Ila kama bado unamngoja mtu kahawani, basi usimharakishe. Mwache amalize kikombe.